Nukta Nne na Moja ya Pembeni

Mama aliposema kwa mara ya kwanza kwamba baba amefika ila hashuki, ilikuwa saa nane mchana, jua la kupasua mawe, na mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kwenye usukani. Baba tulishamzika zamani, nikiwa bado natafuta ndevu zangu za kwanza kwenye kioo.

Gari lenyewe lilikuwa jipya kwangu, yaani lilikuwa zee kwa wengine wote. Miaka minane nililinda geti la ghala moja hapa Kampala, na minne ya mwisho kati ya hiyo nilikuwa nikivua sare jioni na kukimbilia shule ya watu wazima, nikakaa dawati moja na kina mama wenye wajukuu. Nilipopata cheti nilikipeleka kazini kimefungwa kwenye plastiki kama maiti ya mfalme. Wakanitoa getini, wakanipa stoo. Mtunza stoo! Nikajiona waziri, na waziri haendi kwa miguu, kwa hiyo nikanunua gari dogo jeupe la Kijapani ambalo nadhani Nuhu alilikataa kwa sababu ya matairi.

Lilikuwa na tabia moja. Ukizima ufunguo, injini haikukubali papo hapo. Ilikohoa mara mbili, khu, khu, halafu ikashusha pumzi ndefu kama mtu anayevua viatu baada ya kazi.

Mama tunaishi naye mteremkoni nyuma ya kilima cha Lubaga, nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje. Macho yake yamefungwa na mtoto wa jicho, anaona vivuli tu, lakini ile nyumba anaijua kwa nyayo. Anajua hatua ngapi mpaka jikoni, ngapi mpaka bombani, wapi sementi imepasuka. Siku hiyo ya kwanza nilipozima gari nilimsikia akiinuka jikoni haraka, mtu ambaye magoti yake hulalamika hata akipiga ishara ya msalaba. Akatoka na beseni la maji, taulo begani, akaliweka juu ya kigoda mlangoni.

"Mama, ni mimi," nikasema.

"Najua ni wewe. Wewe umeshuka. Yeye je?"

"Yeye nani?"

"Baba yako. Nimemsikia. Amefika, ila hashuki."

Nilicheka. Ndiyo kawaida yangu, hata kwenye msiba mimi hucheka kwanza halafu ndiyo naomba radhi. Nikaenda kunawa kwenye lile beseni. Mama akanisukuma mkono taratibu.

"Hayo si yako. Nenda bombani."

Ikawa hivyo kila siku. Nikiingia na gari, khu, khu, mama huyo na beseni. Baba alipokuwa hai hakuvuka mlango kabla ya kunawa grisi. Alikuwa dereva wa polisi, na kambini dereva ni fundi, ni mpakiaji, ni kila kitu. Mama alikuwa akimwekea maji vilevile. Sasa alimwekea tena. Chakula cha mchana alipakua sahani tatu, nasi tulikuwa wawili. Wakati mwingine nilimkuta amesimama mbele ya gari, kiganja juu ya boneti, kichwa ameinamisha, anatabasamu.

"Amechoka," aliniambia siku moja. "Mwache apumzike. Atashuka."

Sasa mimi si mwoga. Getini pale nilikabiliana na wezi mia tano, au tuseme wawili, na mmoja alikuwa amepotea njia tu. Lakini nilianza kuendesha bila kutazama kioo cha ndani. Nilikigeuza kikaangalia paa. Nikiwa peke yangu barabarani nilipiga soga kwa sauti, nikajicheka mwenyewe, na nikinyamaza nilihisi kwamba kimya kile cha kiti cha nyuma ni cha mtu anayesikiliza.

Dada yangu mkubwa ana duka mtaa wa Kansanga, na ndiye baba wa ukoo tangu baba aondoke. Alikuja Jumapili moja kutusalimu, nikamchukua kituoni, nikazima gari mlangoni. Beseni likatoka. Dada akaona yote: maji, taulo, sahani ya ziada, mama akiongea na boneti.

Alinivuta nyuma ya jiko. "Hili limeanza lini?"

"Tangu ninunue gari. Ni mchezo wake tu."

"Mchezo? Leo anasema hashuki. Kesho atapanda yeye amfuate. Wewe umesoma shule ya jioni yote ile huoni kwamba mama anatutoka?"

Ndugu zangu wawili wakapigiwa simu. Familia yetu ni ya kambini, baba Mwislamu, mama Mkatoliki, kwa hiyo mmoja alitaka shehe, mwingine padri, wakabishana mpaka salio la mmoja likaisha. Dada ndiye aliyekata shauri. Mama apelekwe kaskazini kwa mjomba, kule kuna watu wengi nyumbani wa kumwangalia mchana kutwa. Siku ikapangwa, Jumamosi inayofuata. Na gari la kumpeleka? Langu, bila shaka.

Mama alikuwa amesikia kila neno. Akasema kutoka jikoni, "Mnanipeleka wapi, wakati mwenye nyumba ndiyo kwanza amefika?"

"Umesikia?" dada akanikonyeza. "Umesikia mwenyewe?"

Nilijua maana ya safari ile. Mama hajaishi kwa mjomba tangu aolewe. Kule hajui hatua ngapi mpaka chooni. Mtu asiyeona ukimhamisha kutoka nyumba anayoijua kwa nyayo, umemzima taa ya mwisho. Angekaa kwenye mkeka mahali walipomweka, akingoja kushikwa mkono, mpaka siku yake ifike. Nililijua hilo na sikusema kitu. Mimi, mtu wa maneno elfu kumi kwa siku! Nilinyamaza, na kimya changu wakakihesabu kama kura.

Jumatatu nikapeleka gari kwa fundi wangu, mtaa wa Katwe. Ni Mkongo, mrefu kama nguzo ya simu, na Kiswahili chake hakina habari na sarufi yangu ya shule. Akafungua kifuniko cha mbele ya injini, akautazama mkanda wa taimingi, akapiga mluzi.

"Bosi, na hii munataka kwenda mbali? Angalia, iko na nyufa kama kisigino. Ikikatika njiani, pistoni itabusu valvu, na hiyo busu haina harusi. Injini itakufa palepale."

"Nipe jina la mkanda nikanunue."

"Namba yake imefutika kabisa. Kadi ya gari unayo? Peleka kadi."

Kadi! Hapo nilifurahi. Mimi mtu wa karatasi. Shule ya jioni kama ilinifundisha jambo moja ni kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Nikapiga picha kadi ya gari, mwaka, modeli, ukubwa wa injini, nikaituma kwa hajati mmoja anayeuza spea mjini, mama mtu mzima wa zile familia za Kiislamu zilizokuja na biashara kutoka pwani siku za mababu. Anakaa kaunta na tasbihi mkono mmoja na fani belti mkono wa pili, na Kiswahili chake ukikisikia unatamani kujipiga pasi. Akatoa mkanda kwa kufuata kadi. Fundi akaujaribu. Mfupi.

Nikarudi. Akanipa wa modeli iliyofuata. Urefu sawa, lakini mwembamba, na meno yake hayakukaa kwenye gia. Fundi aliushika kwa vidole viwili kama nyoka wa jirani.

Mara ya tatu hajati alinivulia miwani.

"Mwanangu, unaniletea cheti cha kuzaliwa cha mtu mwingine."

"Hajati, kadi ni halali, ina muhuri."

"Muhuri ni wa bodi. Nani kakwambia injini iliyomo ndiyo iliyozaliwa na bodi hiyo? Magari ya umri huo mji huu, injini zake zimeshaolewa mara tatu. Halafu injini yenyewe ina matoleo. La kwanza mkanda mpana, la pili mwembamba, la tatu meno ya aina nyingine. Nje zinafanana kama pacha. Namba ya injini ndiyo itakayosema. Imepigwa kwenye kibapa cha chuma, ubavuni, chini ya eksozi. Na usiniandikie kwa macho yako, macho hudanganya. Weka karatasi juu, usugue kwa penseli, uniletee."

Nikarudi Katwe Jumatano asubuhi. Gari lilikuwa limelala pale tangu Jumatatu, chini ya mabati, betri imechomolewa. Tulimwagia ule ubavu petroli, tukasugua kwa brashi ya waya. Grisi ilikuwa imeganda matabaka kwa matabaka. Nadhani tulipita grisi ya marais kadhaa. Fundi alikuwa amejikunja chini, mkono umezama mpaka bega. Mara akautoa.

"Bosi, umeliwasha?"

"Kwa betri gani?"

"Hii chuma iko moto."

"Jua."

Akatazama mabati juu yetu, akatazama kivuli tulichokaa ndani yake. Akarudi chini na karatasi na penseli. Nilisikia penseli ikikwaruza, ikikwaruza, kwa muda mrefu kuliko namba yoyote inavyohitaji. Akanipa karatasi imekunjwa mara nne.

"Nimechukua yote. Usiache hata kidogo, hajati asilete ingine mbaya."

Nikaitia mfukoni bila kuitazama, nikapanda boda.

Hajati aliifungua juu ya kaunta, akailainisha kwa kiganja, akavaa miwani. Midomo yake ikatembea.

"Enhe! Si nilikwambia? Hii si ya mwaka wa kadi yako. Hili ni toleo la kwanza kabisa, la mkanda mpana. Injini zake zilikuja kwenye magari marefu, yale yenye mlango wa nyuma." Akasita. Akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlangoni. "Herufi nazijua, namba nazijua. Ila hizi nukta chini ya namba sizijui. Kiwanda hakipigi nukta. Nne mstari mmoja, na moja peke yake pembeni, chini kidogo. Fundi wako kadhani ni sehemu ya namba. Mwanangu? Mbona umebadilika rangi?"

"Hajati," nilisema, "naomba kiti."

Hapa lazima nieleze, maana nisipoeleza mtasema ni ile tabia yangu. Mji huu kila mwenye gari huchora namba yake kwenye vioo na taa ili wezi wapate taabu kuuza. Kambini tulikokulia ilikuwa hivyo kwa kila kitu. Milango arobaini kwenye safu moja, sufuria zote za aina moja, usipotia alama chako kinalala kwa jirani. Wengine waliandika majina. Baba hakuandika. Alichukua msumari wa chuma na nyundo akapiga nukta, moja kwa kila mtoto. Nne kwenye mstari, sisi tulio hai, na mimi ndiye wa mwisho kulia. Ile ya pembeni ni ya mtoto aliyezaliwa baada ya dada, akakaa siku tisa. Huyo nyumbani hatajwi. Sijawahi kumsikia baba akimtaja kwa mdomo. Alimtaja kwa nyundo. Yumo chini ya sufuria, kwenye jembe, kwenye jiko la mkaa, kwenye chuma cha kitanda nilichozaliwa juu yake.

Na tulikuwa na gari, refu, la buluu, lenye mlango wa nyuma. Baba alipofariki tukatakiwa kuondoka kambini, likauzwa. Mnunuzi akaliendesha hadi kwenye kona, ndiyo mwisho wetu kuliona.

Hajati aliniletea maji. Nikamsimulia. Alizungusha tasbihi punje kadhaa kabla ya kujibu.

"Bodi huoza," alisema. "Injini haiozi. Huchomolewa hapa ikatiwa pale, miaka na miaka. Inazunguka mji huu kama mtu aliyesahau mlango wa kwao." Halafu, kwa sauti ya biashara: "Mkanda wenyewe sina. Nitauagiza Nairobi, utakuja na basi Ijumaa."

Ijumaa! Siku moja kabla ya safari. Njia nzima kurudi nyumbani nilihisi kichwa changu kimekuwa kikubwa kama tangi la maji. Nikamkuta mama anakunja gauni zake moja moja, anaziweka kwenye begi ambalo dada alilituma. Hakuwa analia. Kila akimaliza moja alipapasa ukuta, kutoka dirishani mpaka mlangoni, kama mtu anayesoma barua mara ya mwisho.

"Gari liko wapi?" akauliza.

"Kwa fundi, mama."

"Na yeye umemwacha huko peke yake?"

Ijumaa mkanda ulifika. Nikachukua sufuria kuu ya mama, nikaitia kwenye mfuko, nikampigia dada aje Katwe.

Alikuja amekunja uso, viatu vya kanisani, anaruka madimbwi ya oili. "Umenitoa dukani siku ya wateja nije kutazama grisi? Mama hajapakiwa hata blanketi."

Sikumjibu. Ni mara ya kwanza maishani, nadhani ndiyo maana aliogopa. Nilipindua sufuria nikaiweka mkononi mwake. Fundi akamulika ubavu wa injini kwa simu.

Dada aliinama. Nilimwona akitafuta, halafu nikaona ameona. Kidole chake kikaenda kwenye chuma, kikapita nukta moja, mbili, tatu, nne, kikashuka pembeni, kikabaki hapo. Mkono wa pili ulikuwa unafanya vilevile chini ya sufuria.

"Nilimshikia tochi," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama. Siku gari lilipokuja. Nilimuuliza, baba, kwa nini unapiga mpaka huyu wa pembeni? Akasema, na yeye tunasafiri naye."

Fundi alizima ile taa ya simu. Mkongo huyu ambaye hucheka hata akiungua, aliondoka akaenda kusimama nje.

Halafu dada akafuta uso kwa kiwiko, akarudi kuwa yeye mwenyewe. "Kwa hiyo mama hajachanganyikiwa."

"Mama alisikia injini ya mumewe. Sisi wenye macho ndio tuliosoma kadi."

"Usianze na mafumbo yako ya shule." Akatoa simu, akawaandikia ndugu zetu ujumbe: Hakuna safari. Mama haendi popote. Mmoja akauliza kwa nini, akamjibu, njoo uone, halafu akaitia simu kwenye mkoba.

Fundi alifunga mkanda mpana. Ulikaa kwenye gia kama uliwahi kuwa pale. Akaniambia ule wa zamani ulikuwa umeruka jino moja, ndiyo maana gari lilikuwa linavuta kizembe. Zaidi ya mkanda hakugusa kitu, naapa kwa niaba yake kama yeye alivyoapa kwangu.

Tulifika nyumbani saa tisa. Dada alikaa kiti cha mbele, sufuria mapajani, na niliona kwamba hata yeye hakutazama nyuma. Nikazima ufunguo. Tukangoja.

Injini haikukohoa. Ilinyamaza mara moja, safi, kama mtu aliyeitika.

Mama alikuwa ameshatoka na beseni. Dada akamwendea haraka akamshika mabega. "Mama, tusamehe. Ni injini ya baba. Ileile ya gari la buluu. Tumeona nukta zake."

"Kwani mimi nilisema nini?" mama akajibu.

Akasimama akisikiliza. Halafu uso wake ukageuka, si kwetu. Uligeuka polepole kutoka upande wa gari kuja mlangoni, kama anayemfuata mtu kwa macho, na macho yale hayatofautishi hata mtu na nguzo. Akavuta kigoda kidogo kupisha njia. Akanyoosha taulo.

"Ameshuka," akasema. Alipoingia ndani alilifungua lile begi, akaanza kutundika gauni zake kwenye misumari, na kila msumari aliupata bila kupapasa.

Dada ndiye aliyepakua. Dada huyuhuyu wa "mama anatutoka". Nilikuja mezani nikakuta sahani nne mstari mmoja, na kisahani kidogo cha chai pembeni, na wali kijiko kimoja juu yake. Mama alipitisha mkono juu ya meza, akavigusa vyote vitano, akaanza kula.

Tangu siku hiyo mama haweki beseni. Gari likifika anaita tu kutoka jikoni, "Ni wewe?" nami najibu ni mimi, basi. Yuko nyumbani kwake na hatua zake anazihesabu. Kioo cha ndani nimekirudisha mahali pake.

Mimi huongeza chumvi, kila anayenijua anajua, na wezi walikuwa wawili. Lakini jioni ile nilipokwenda kumwaga yale maji ya mlangoni, ambayo mimi na dada hatukuyagusa kwa sababu sote wawili tulinawa bombani, taulo lilikuwa limelowa, na juu ya maji palikuwa na utando wa grisi.